Mwanafunzi ana haki ya kusema nini shuleni?

Barua nyingi zilizotufikia miezi hii zimetoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: je, mtoto akivuka lango la shule anabaki na haki ya kutoa maoni yake, na kama anabaki nayo, inakomea wapi? Nimechagua barua nne za huko, na ya tano ni ya mwalimu wa Tanzania. Majina nimeyaacha kwa makusudi. Majibu haya yanaeleza sheria kwa ujumla, na aliye na shauri mkononi amwone wakili wa eneo lake.

Swali: Mwanangu ana miaka 16 na anasoma sekondari ya umma hapa Columbus, Ohio. Sisi ni watu wa Kivu ya Kaskazini. Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025 tulifiwa, naye akaenda shule na fulana aliyoiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: "Kongo Inavuja Damu". Hakugombana na mtu. Mkuu wa shule akamwambia aivue au arudi nyumbani, kwa sababu siasa haziruhusiwi shuleni na kwa sababu yeye mkuu haelewi kilichoandikwa. Mtoto akakataa, akasimamishwa masomo siku tatu. Baba yake anasema tunyamaze, kwani sisi ni wakimbizi na mgeni hufuata ya wenyeji. Je, mtoto alikosa, au alikosewa? (Mama mzazi, Columbus)

Jibu: Mama, poleni sana kwa msiba. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona mtoto wako alikosewa, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo, kisha nikueleze ni mambo gani yangeweza kubadili jibu langu.

Desemba 1965, katika mji wa Des Moines, jimbo la Iowa, wanafunzi wachache waliamua kuvaa utepe mweusi mkononi kuwaombolezea waliokuwa wakifa katika vita vya Vietnam na kuunga mkono usitishaji wa mapigano. Wakuu wa shule walipopata habari walikutana na kupitisha kanuni kwamba atakayevaa utepe ataambiwa auvue, na akikataa atasimamishwa. Mary Beth Tinker, msichana wa miaka 13, kaka yake John wa miaka 15, na rafiki yao Christopher Eckhardt wa miaka 16 waliuvaa, wakarudishwa nyumbani, wala hawakurejea darasani mpaka baada ya Mwaka Mpya. Kesi yao ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Februari 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura saba dhidi ya mbili kwamba wanafunzi na walimu hawavui uhuru wao wa kujieleza wanapoingia langoni mwa shule. Jaji Abe Fortas, aliyeandika hukumu hiyo, aliweka kipimo kinachotumika hadi leo: shule ikitaka kuzuia maoni ya mwanafunzi, ni lazima iwe na sababu za kweli za kutazamia kwamba maoni hayo yatavuruga masomo kwa kiasi kikubwa au yataingilia haki za wenzake. Hofu tupu ya kwamba huenda mtu akaudhika haitoshi, wala haitoshi kwamba mkuu wa shule hapendi mjadala wenyewe.

Katika kesi hiyo kuna jambo dogo ambalo ningependa ulishike sana. Shule zilezile zilizokataza utepe mweusi zilikuwa zikiwaruhusu wanafunzi wengine kuvaa beji za kampeni za uchaguzi. Mahakama iliona kwamba hapo hapakuwa na kanuni dhidi ya siasa, bali oni moja tu lilichaguliwa likanyamazishwa. Kwa hiyo muulize mwanao kama kuna wanafunzi waliovaa fulana za wagombea urais wakati wa uchaguzi wa 2024, au kofia zenye kauli za kisiasa, na kama kuna aliyeambiwa avue. Ikiwa hao waliachwa, basi maneno kwamba "siasa haziruhusiwi" hayana uzito. Na kwamba mkuu haelewi Kiswahili si sababu ya kumwadhibu mtoto; dawa yake ni kumwuliza maana, na mtoto angemjibu kwa sentensi moja.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo shule ingeweza kuyaeleza na ikasikilizwa. La kwanza ni kanuni ya mavazi. Kama shule inakataza maandishi yoyote kwenye nguo, au ina sare kwa wanafunzi wote bila kujali kilichoandikwa, kanuni hiyo hailengi oni la mtu na kwa kawaida mahakama huiacha isimame. La pili ni zito zaidi kwa jamii yetu. Kama shuleni hapo wapo pia watoto wa Kinyarwanda, na tayari walikuwa wamezozana na watoto wa Kikongo kuhusu vita hivyo hadi kufikia kutishana, shule ingeweza kusema kwamba ilikuwa na sababu ya kweli ya kutazamia vurugu. Mwaka 2010, katika shule moja ya Morgan Hill, California, wanafunzi waliovaa fulana zenye bendera ya Marekani siku ambayo wenzao wenye asili ya Meksiko walikuwa wakiadhimisha sikukuu yao walitakiwa wazigeuze au waende nyumbani, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliunga mkono shule kwa sababu mwaka mmoja kabla palikuwa na fujo na siku hiyo palikuwa na vitisho. Mimi uamuzi huo unanihuzunisha, kwa kuwa unampa nguvu mwenye kutishia badala ya mwenye kusema kwa amani, lakini upo, na mzazi anayejiandaa kuonana na shule anapaswa kuujua.

Sasa nije kwenye zile siku tatu. Hapohapo Columbus, mwaka 1971, wanafunzi kadhaa wa shule za umma walisimamishwa hadi siku kumi wakati wa machafuko bila kusikilizwa. Mwaka 1975, katika kesi iitwayo Goss dhidi ya Lopez, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hata kusimamishwa kwa siku chache ni kumnyima mtoto kitu cha thamani, hivyo kabla ya kumsimamisha shule imwambie anashtakiwa kwa lipi, na akikana imweleze ushahidi ilionao, kisha impe nafasi ya kueleza upande wake. Mtoto anayehatarisha wenzake anaweza kuondolewa kwanza, lakini usikilizwaji huo ufuate upesi. Mwanao aliulizwa lolote kabla ya kuambiwa aondoke? Kama hakuulizwa, hilo ni kosa la pili, tofauti na lile la fulana.

Nakuomba, mama, uandike barua fupi kwa mkuu wa shule, na nakala umpelekee msimamizi wa shule za wilaya, ukiomba sababu za adhabu kwa maandishi, jina la kanuni iliyovunjwa, na kufutwa kwa adhabu hiyo katika kumbukumbu za mtoto. Omba mkalimani wa Kiswahili katika mkutano. Shule za umma zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinatakiwa kuzungumza na mzazi kwa namna anayoielewa, na si haki mtoto mwenyewe atumiwe kutafsiri shauri lake. Kwa baba yake naomba umwambie, kwa heshima, kwamba hofu yake naielewa, ila Katiba ya Marekani haisemi kwamba mwanafunzi awe raia ndipo alindwe shuleni. Tangu 1982 Mahakama ya Juu imeshasema kwamba hata mtoto asiye na hati za ukaazi hawezi kufungiwa mlango wa shule ya umma. Mkimbizi aliyepokelewa kisheria hana sababu ya kuogopa kuuliza kwa adabu kwa nini mwanawe ameadhibiwa.

Swali: Nina miaka 15 na ninaishi Lancaster, Pennsylvania. Jumamosi usiku nikiwa nyumbani niliandika Instagram kwamba mwalimu wetu wa hisabati hajui kufundisha na anawapendelea wazungu. Rafiki yangu akaandika chini yake kwamba mwalimu huyo "anastahili kupigwa risasi". Jumatatu sote wawili tulisimamishwa. Mama anasema nimeiaibisha familia. Je, shule ina mamlaka juu ya simu yangu nikiwa kitandani kwangu? (Mwanafunzi wa kike)

Jibu: Mwanangu, swali lako limewahi kufika hadi Mahakama ya Juu, na lilitoka katika jimbo lako hilohilo. Mwaka 2017 msichana wa shule ya umma ya Mahanoy alikosa nafasi katika timu kuu ya washangiliaji. Siku ya Jumamosi, akiwa dukani, alituma kwa marafiki zake kupitia Snapchat picha yenye ishara ya matusi na maneno ya kuilaani shule, timu na kila kitu. Picha hiyo ilikuwa ya kufutika baada ya saa 24, lakini mmoja aliihifadhi, ikamfikia kocha, na msichana akaondolewa katika timu kwa mwaka mzima. Juni 2021 majaji wanane kati ya tisa walisema shule ilivunja haki yake.

Sababu walizozitoa zinafaa zisomwe na kila mzazi. Mtoto akiwa nyumbani, mwenye kumlea na kumkanya ni mzazi, wala si shule. Kama shule ingeweza kumwadhibu mtoto kwa anayoyasema shuleni na pia kwa anayoyasema nje ya shule, basi angekuwa chini ya ulinzi wake saa 24 na hapangebaki mahali pa kusemea. Tena Jaji Stephen Breyer akaongeza kwamba shule za umma ni vitalu vya demokrasia, hivyo shule yenyewe inapaswa kutaka maoni yasiyopendwa yalindwe. Hata kabla ya hapo, mwaka 2011, mahakama ya rufaa inayosimamia Pennsylvania ilikuwa imewapa ushindi wanafunzi wawili, wa shule tofauti, waliotengeneza kurasa za mtandaoni za kuwakejeli wakuu wao wa shule.

Hivyo maneno yako wewe, kwamba mwalimu hafundishi vizuri na anabagua, ni maoni uliyoyatoa nje ya shule na nje ya saa za shule. Sioni yalivyovuruga masomo, na naamini adhabu yako inaweza kupingwa. Zaidi ya hayo, kama kweli anabagua, hilo ni lalamiko ambalo shule ina wajibu wa kulichunguza, na ningependa uliandike upya, kwa tarehe na mifano, ulipeleke ofisini pamoja na mama yako.

Maneno ya rafiki yako ni habari nyingine kabisa, na hapa siwezi kulainisha. Mahakama ya Juu, katika kesi ileile ya Mahanoy, ilisema shule inaweza kuchukua hatua, hata jambo likifanyika nje, dhidi ya uonevu mkali wa mwanafunzi mwenzake na dhidi ya vitisho kwa walimu au wanafunzi. Katika nchi ambayo watoto na walimu wameuawa kwa risasi madarasani, Columbine mwaka 1999, Sandy Hook mwaka 2012, Uvalde mwaka 2022, hakuna mwalimu anayeweza kusoma neno "risasi" karibu na jina lake akalichukulia kuwa mzaha, na polisi nao hawalichukulii hivyo. Rafiki yako anahitaji mzazi wake na wakili kabla hajatoa maelezo yoyote mengine. Wewe nawe lifute tamko lile kwenye ukurasa wako baada ya kulihifadhi kwa picha, kwa sababu litakusaidia kuonyesha kwamba hayakuwa maneno yako.

Kuhusu aibu, mwonyeshe mama yako jibu hili lote, pamoja na sehemu hii: mtu mzima aliyetuhumiwa ubaguzi mbele ya watu ameumia, na kama ulisema kwa hasira jambo usiloweza kulithibitisha, kumwomba radhi hakukuondolei haki yoyote.

Swali: Mimi ni mhariri wa gazeti la shule yetu ya umma hapa Des Moines. Niliandika makala kuhusu wasichana wa jamii zetu wanaoacha shule kwa sababu ya mimba, mkuu akaiondoa. Je, anaruhusiwa? (Kijana, Iowa)

Jibu: Katika majimbo mengi angeruhusiwa. Mwaka 1983 mkuu wa shule ya Hazelwood East, Missouri, aliondoa kurasa mbili zilizobeba makala kuhusu mimba za wanafunzi na talaka za wazazi, na mwaka 1988 Mahakama ya Juu ilimuunga mkono kwa kura tano dhidi ya tatu. Hoja ilikuwa kwamba gazeti linalotolewa na shule kama sehemu ya masomo ni sauti ya shule pia, hivyo shule inaweza kulihariri ikiwa ina sababu halali ya kielimu. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba wasichana waliohojiwa wangeweza kutambulika ingawa majina yao yalibadilishwa.

Bahati yako ni kwamba Iowa iliona hukumu hiyo imekwenda mbali mno, na mwaka uliofuata, 1989, ilitunga sheria yake ya kuwalinda waandishi wa magazeti ya shule za umma, kama ilivyokuwa imefanya California mwaka 1977. Kwa sheria hiyo ninyi wanafunzi ndio mnaoamua kitakachochapishwa, isipokuwa maandishi ya matusi ya ngono, ya kumchafulia mtu jina kwa uongo, au ya kuchochea uvunjaji wa sheria na wa kanuni za shule. Makala yako haionekani kuwa mojawapo ya hayo. Hata hivyo rudi uisome tena kwa jicho la msichana uliyemhoji: katika jamii ndogo kama yetu, umri, darasa na jina la kanisa hutosha kumfichua mtu, na mama zake watajua kabla wino haujakauka. Ondoa hayo, kisha mpelekee mwalimu mlezi wa gazeti pamoja na nakala ya sheria.

Swali: Binti yangu anasoma shule binafsi ya kanisa hapa Houston. Je, haya yote yanamhusu? (Baba, Texas)

Jibu: Kwa sehemu kubwa hapana, ndugu yangu. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, ndiyo yanayolinda uhuru wa kusema, yanaifunga serikali na shule zake. Shule binafsi haifungwi nayo. Haki za binti yako ziko katika mkataba uliotia saini na kijitabu cha kanuni ulichopewa siku ya kumwandikisha, kwa hiyo visome kabla hujalipa ada ya muhula ujao.

Swali: Ninafundisha sekondari mkoani Mbeya. Wanafunzi wawili wa darasa langu, ambao ni Mashahidi wa Yehova, husimama kimya mstarini wakati wenzao wanaimba Wimbo wa Taifa. Walimu wenzangu wanataka wachapwe viboko na kufukuzwa. Mimi sikubaliani na imani yao, lakini roho inasita. Haki ya kusema inamlinda pia asiyetaka kusema? (Mwalimu, Mbeya)

Jibu: Mwalimu, umeuliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote ya mwezi huu, na limewahi kuamuliwa huko Marekani na huko kwenu.

Marekani ilianza kwa kukosea. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu iliruhusu shule kuwafukuza watoto wa Mashahidi wa Yehova waliokataa kuipigia saluti bendera, na baada ya hukumu hiyo waumini hao walishambuliwa na makundi ya watu katika miji mbalimbali. Miaka mitatu tu baadaye, Juni 14, 1943, nchi ikiwa katikati ya Vita Kuu ya Pili, mahakama ileile iliugeuza uamuzi wake katika kesi iliyotoka West Virginia. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba hakuna mwenye cheo, awe mkubwa au mdogo, anayeweza kuamuru watu waamini nini katika siasa, uzalendo au dini, wala kuwalazimisha waikiri imani hiyo kwa maneno au kwa kitendo.

Huko kwenu, wanafunzi 127 wa imani hiyohiyo walipoadhibiwa kwa kutoimba Wimbo wa Taifa, baadhi yao wakiwa wamefukuzwa kabisa, walishindwa kwanza katika Mahakama Kuu. Walikata rufaa, na Julai 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki na kuzitengua adhabu zile. Hukumu ya Mahakama ya Rufani inaifunga kila mahakama iliyo chini yake, na shule haiwezi kuipuuza kana kwamba haikutolewa. Juu ya hayo, ibara ya 18 ya Katiba yenu inalinda maoni, ibara ya 19 inalinda imani, na kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Mipaka nayo ipo, na ni halali uisimamie. Mwanafunzi anayepiga kelele wakati wimbo unaimbwa, anayewacheka wanaoimba au kuwazuia, huyo amevuruga, na imani yake haimkingi. Lakini aliyesimama wima, kimya, mikono ikiwa chini, hajamvunjia mtu heshima yoyote, na mwenzake aliye pembeni yake anaimba bila kizuizi.

Kwa kuwa ni wewe unayewafundisha, nakushauri umwombe mkuu wa shule aitishe kikao cha walimu kabla ya hatua yoyote, uipeleke hukumu hiyo ya 2013 isomwe mbele ya wote, na msimamo wako uandikwe katika kumbukumbu za kikao. Wazazi wa wanafunzi hao waitwe wasikilizwe. Na kesho asubuhi mstarini, ukiweza, simama upande ule waliko wanafunzi wako wawili.